Mwache Ashike Kijiko

Mzazi, usimpokonye mtoto kijiko kwa sababu anamwaga uji. Afikapo miezi 9 hivi huweza kuokota kipande cha ndizi mbivu kwa vidole, na akikaribia mwaka hutaka kijiko. Kwa kuwa bado hajajua kuugeuza mkono, kijiko hupinduka kabla ya kufika mdomoni. Mpe chake kifupi, nawe umlishe kwa kingine ili ashibe. Wengi hujilisha, ingawa kwa kumwaga, wakiwa na miezi 18. Uma hufuata kati ya miaka 2 na 3; kisu kingoje.

Kinachonitia hofu ni kumlaza mtoto, kumziba pua na kummiminia uji. Uji ukiingia mapafuni huweza kuleta nimonia. Mwonye yaya pia, maana ndiye amlishaye ukiwa kazini.

Tena, mtoto asiyetimiza mwaka akitumia mkono mmoja tu, huku mwingine ameukunja ngumi, usikimbilie kusema ni wa mashoto. Huenda mkono ule ni dhaifu. Mpeleke kwa daktari akaangaliwe mapema.