Wacha Kuita Saiti Yako Bestcheapsneakersnairobi

Hasol ikianza kushika, kuna siku utaamka ukidai saiti yako mwenyewe. Si ati Insta ni mbaya, Insta imelisha mayut wengi hii Nairobi. Lakini msee mwenye wivu akiiripoti, akaunti inafungwa saa nane usiku na hakuna ofisi utaenda kubisha. Domeini, yaani lile jina la saiti yako, ukishailipia ni yako mwaka mzima, na mteja mwenye anajua jina lako anakufikia bila kungoja mtu amuonyeshe posti zako. Kitu inachoma wengi ni swali la kwanza kabisa: hiyo saiti iitwe aje?

Kuna jamaa wa base yetu anauza ndula. Saa kumi na moja asubuhi ashafika Gikomba, amesimama hapo robota likifunguliwa, anatoa kamera ya kwanza, zile zingine anaachia wenye huamka na jua. Akirudi keja anazisugua na mswaki na sabuni ya unga, kamba zinalala kwa Jik, na pea aliokota na soo tano inatoka thao mbili na nusu. Kwa ndula, huyo msee hana mchezo. Kwa majina sasa... Alikuja na moja ashaiandika kwa simu: bestcheapsneakersnairobi.

"Mtu akigoogle hiyo maneno, si nitatokea wa kwanza?" akaniuliza.

Nikamshow apigie mathe yake ocha, amsomee hilo jina mara moja tu, mathe aandike. Akaweka spika. Kimya kidogo, halafu tukaskia, "Snickers? Si hiyo ni chokoleti? Kwani uliacha viatu, kijana yangu?"

Mbogi yote ikaanguka. Lakini mteja naye atalipata hilo jina hivyo hivyo, akiwa kwa mat, ngoma imefunguliwa hadi mwisho, na hana mtu wa kumuuliza mara ya pili.

Tusimwonee lakini, hayo mawazo hakuyatoa hewani. Kitambo hiyo form ilikuwa inaiva. Ukichukua domeini yenye maneno yale yale watu wanaandika kwa Google, ulikuwa unapandishwa juu hata kama ndani hakuna kitu ya maana. Wasee wakaona doo. Wakajaza intaneti na masaiti ya majina marefu, ndani ni makala za kukopi na matangazo yamepangana. Google wakachoka. Mwisho wa Septemba 2012, Matt Cutts, mwenye alikuwa anasimamia kikosi chao cha kupigana na takataka za kusachi, akatangaza kwa Twitter kwamba wanashusha saiti mbovu zilizokuwa zinabebwa na jina peke yake. Siku hizi mwongozo wao wa wanaoanza unasema waziwazi: maneno ya kusachi ndani ya domeini karibu hayasaidii chochote kuamua nani anakaa juu.

Najua kuna mjuaji ataniuliza mbona Insurance.com iliuzwa dola milioni 35.6 mwaka wa 2010. Ni kweli, kampuni ya QuinStreet walitoa hiyo mkwanja. Lakini walinunua neno moja, kila mtu Marekani anajua kuliandika, na nyuma yake kulikuwa na saiti tayari inapiga kazi. Hawakununua maneno manne yamegandishwa pamoja. Halafu hata hilo neno moja safi halikuokoi kama biashara imeoza. Pets.com iliingia soko la hisa Februari 2000, ikawa inauza vitu za mbwa na paka kwa bei ya kujiumiza, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza inafunga. Jina lilikuwa kali, hesabu ndio zilikataa.

Mi hii story huipima na steji. Mtu wa Rongai akifika Railways anatafuta kwanza 125. Hiyo namba inamwambia gari inaenda wapi, na kila mat ya hiyo ruti iko nayo. Lakini hujawahi skia msee akijigamba kwa mbogi ati yeye hupanda "ile 125". Anataja jina la nganya. Ataachilia mat tatu zipite, mvua inamnyeshea, juu anangoja hiyo moja yenye taa na ngoma anapenda. Maneno ya kusachi ndio 125 yako. Lazima yaandikwe penye mtu anaona, lakini nganya yenyewe usiiite 125, juu hata wenye mnashindana nao wako nayo.

Sasa hiyo 125 inaandikwa wapi? Ndani ya saiti, na hapa ndio kazi iko, kwa hivyo tutulie kidogo. Anza na kichwa cha kila ukurasa, ule mstari mkubwa unatokea kwa Google mtu akisachi. Wengi huacha pale "Karibu" ama "Nyumbani", na hakuna binadamu huwa anasachi "Karibu". Andika kitu kama "Sneakers za mtumba Nairobi, saizi 38 hadi 45". Usirundike ndula zote ukurasa mmoja, za watoto zipatie wao, za kuendea job wao, buti za mvua wao, na anwani ya kila ukurasa ibebe hayo maneno. Picha ikitoka kwa simu inaitwa IMG na namba fulani. Hiyo haisemi kitu, ipe jina la kiatu kabla hujaipandisha. Andika bei. Hii ya "bei njoo inbox" inaudhi watu, na Google nayo haiwezi ingia inbox yako kusoma. Taja mitaa unadeliver: Umoja, Kayole, Githurai, Ruiru, zote kwa maneno, usiweke kwa poster tu.

Na maneno yenyewe usiyatoe kichwani. Wengi wetu tunabonga Sheng steji lakini tukishika simu tunaandika Kizungu, ama Kiswahili cha shule. Fungua Google, anza kuandika "viatu vya" uiache ikumalizie. Jaribu na "sneakers", jaribu na "ndula". Shuka hadi chini ya ukurasa ucheki sachi zingine zenye wanapendekeza. Google Trends nayo ni ya bure: unachagua Kenya, unaweka maneno mawili, unaona lipi watu wanasachi zaidi. Nusu saa ya hiyo kitu inashinda kubishana base wiki nzima.

Tukirudi kwa jina. Likiwa fupi linakaa kichwani. Namba zilenge, juu ukimwambia mtu kuna nne pale hajui ka aandike 4 ama nne ama four. Kistari nacho ni ngori, kila ukitaja saiti yako utakuwa unaongeza "na katikati kuna kistari" hadi uchoke. Sheria zinakubali hadi herufi 63 kabla ya nukta, lakini kukubaliwa si kushauriwa. Nafasi hazipo na herufi kubwa hazihesabiki, kwa hivyo liandike limeshikana lote, herufi ndogo, halafu umpatie ule msee wa akili chafu zaidi kwa mbogi alisome. Sikutanii. Kuna saiti ya wataalamu wa kompyuta inaitwa Experts Exchange, ilianza bila kistari, expertsexchange, watu wakawa wanasoma mambo ya kubadilisha jinsia. Mwishowe wakaweka kistari. Hao ndio nawasamehea.

Jamaa wetu alichukua jina lake la mtaani, lenye wateja humuita kila siku, akabandika "ndula" nyuma. Hapo sina ubishi. Neno moja la kuonyesha unauza nini ni sawa ka linakaa vizuri mdomoni. BuyRentKenya, wale wa saiti ya nyumba, wameweka kazi yao ndani ya jina, na kuna wengine ka Jiji, ile saiti ya kuuziana vitu, wenye jina halikuambii chochote kuhusu gari ama simu, na bado kila mtu anajua aende wapi kuuza fridge yake. Mathe alipigiwa tena na akaandika bila shida.

Alikuwa pia anadai kuweka "jordan" ndani ya jina. Nikamkatalia hapo hapo. Majina ya makampuni yamesajiliwa, na kwa .com kuna utaratibu wa ICANN, wale husimamia majina ya domeini duniani, tangu 1999 wenye unawawezesha kupeleka malalamiko kwa watu ka WIPO, shirika la UN la haki miliki, na kukunyang'anya domeini bila hata kuingia kortini. Kwa .ke kuna njia ya malalamiko pia. Kuuza Jordan ya mtumba ni sawa, kuiandika ndani ya ukurasa wa hiyo ndula ni sawa, lakini kuifanya jina la duka lako ni kualika wakili.

Mwisho wa jina sasa. Ka wateja wako wote wako hapa, .co.ke inatosha, na inaambia Google wewe ni wa Kenya. Tangu 2017 KeNIC, wale husimamia .ke, wamefungua hata .ke kavu, bila "co", ukitaka kutokelezea. Ka .com ya jina lako iko wazi, chukua zote mbili, moja ielekeze kwa ingine. Zile za mwisho wa ajabu zinauzwa bei ya peremende mwaka wa kwanza, ngoja mwaka wa pili ndio utajua hujui. Na kabla ya kulipa, pitisha hilo jina kwa Wayback Machine, ile saiti huhifadhi kurasa za kitambo, ucheki ka lilishawahi kuwa la mtu. Unaweza pata kitambo lilikuwa la kamari ama la video za watu wazima, na wewe ndio unarithi hiyo sifa.

Halafu kuna hii ya kumwachia mdesigner kila kitu. Unamtumia doo na M-Pesa, anakusajilia domeini kwa imeili yake, kwa akaunti yake, na mwaka ukiisha simu yake imezimwa. Ama haijazimwa, na anadai mara tano ya bei. Domeini nyingi za .co.ke ni thao na kitu kwa mwaka, hakuna haja ya kuomba mtu akuwekee. Fungua akaunti mwenyewe, imeili iwe yako, namba ya simu yako, washa ile ya kulipia upya yenyewe. Na ka tayari kuna mtu anakufanyia, paswodi ya hiyo akaunti idai kabla hujatuma ile balansi ya mwisho.