Je, Wajua? Maziwa Hupotelea Wapi Kiwandani

Kutoka Mpemba, njia panda ya kwenda Ileje, mpaka Iringa kwenye kiwanda cha maziwa cha Asas ni zaidi ya kilomita 400 za barabara kuu. Maziwa yakifika salama baada ya safari kama hiyo, bado yanaweza kupotea ndani ya kiwanda bila hata tone kuonekana sakafuni.

Je, wajua kwamba lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03? Kiwanda kikipokea kilo 1,030 na kuuza lita 1,000, hakuna kilichopotea. Asiyejua hilo atamsaka mwizi wa lita 30 ambazo hazikuwahi kuwapo.

Je, wajua kwamba povu hudanganya? Ndoo iliyomiminiwa kwa kasi huonekana imejaa kabla ya kujaa. Mizani haihesabu povu, ndiyo maana kupima kwa kilo mlangoni kuna uhakika zaidi.

Je, wajua kwamba hasara huweza kuanza kabla mashine haijawashwa? Maziwa halisi ya ng'ombe kwa kawaida husoma kati ya 28 na 32 kwenye laktomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji. Yakitiwa maji, kipimo hushuka. Kiwanda kisichopima hununua maji kwa bei ya maziwa.

Je, wajua kwamba pakiti ya mililita 500 ikizidishwa mililita 5 tu, pakiti 10,000 huondoka na lita 50 za bure? Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni cha mteja. Dawa yake ni kupima uzito wa pakiti chache kila baada ya muda na kurekebisha mashine.

Je, wajua kwamba maziwa hupitisha umeme vizuri kuliko maji safi, kwa sababu ya chumvi zilizomo? Mwisho wa zamu, maji husukuma maziwa yaliyobaki mabombani. Kihisio kinachopima upitishaji huo wa umeme huonyesha maziwa yanapoishia na maji yanapoanzia, hivyo fundi hafungui njia ya mtaro mapema.

Je, wajua kwamba lita moja ya maziwa ikioza mtoni hutumia oksijeni iliyomo katika zaidi ya lita 10,000 za maji safi? Kinachopotea kiwandani kikifika mtoni huwadhuru samaki.

Je, wajua kwamba kilo moja ya jibini huhitaji takriban lita 10 za maziwa? Sehemu kubwa hubaki kuwa majimaji yenye sukari na protini, yanayofaa kulishia nguruwe.

Unayefikiria kusindika maziwa Mpemba, anza na mizani, laktomita na daftari la safu tatu: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Hesabu isipolingana, sababu itafutwe siku hiyohiyo.