Swichi za Mguso Garini na Kidole Kisichokusudia

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika gari la kisasa, hata hivyo, kidole kimoja kikipapasa usukani bila kukusudia chaweza kubadili mwendo wa gari zima.

Swichi ya kawaida husubiri kubonyezwa. Swichi ya mguso haina subira hiyo. Huwa na uga hafifu wa umeme, na mwili wa binadamu, kwa kuwa hupitisha umeme, huuvuruga uga huo hata kabla ya kidole kukandamiza. Maji nayo huweza kuuvuruga vivyo hivyo.

Je, dereva atakingwaje? Kwanza, mtambo hupangiwa kupuuza mguso wa muda mfupi mno, au ule unaofunika swichi kadhaa kwa pamoja, maana huenda ni wa kiganja au maji. Pili, huongezewa kihisi cha shinikizo ili kidole kilazimike kubonyeza. Tatu, swichi huwekewa kingo zilizoinuka na kutengwa na mahali mikono hupitia gari likatapo kona. Nne, amri nzito hupewa sharti la pili: gia ya otomatiki, kwa mfano, haiondoki kwenye maegesho mpaka breki ikanyagwe.

Mwaka 2022 Volkswagen ilitangaza kurejesha vitufe vya kubonyeza kwenye usukani. Tangu 2026, Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, huzingatia iwapo honi, waipa, indiketa, taa za hatari na wito wa dharura vina swichi halisi. Ni bayana, basi, kwamba mtambo salama ni ule unaotofautisha kugusa na kukusudia.