Acheni Kuniuliza Kama Nina Mtu Hospitalini

"Mwalimu, una mtu pale hospitali?" Nimeulizwa swali hili mtaani Innercore, nikaulizwa sokoni Mutindwa, na sasa limenichosha. Nafundisha wauguzi, kwa hiyo majirani wanadhani simu yangu moja inatosha kumpatia mgonjwa kitanda. Linaloniuma zaidi ni kwamba wanafunzi wangu nao huja darasani na imani hiyo hiyo. Waulize kumtetea mgonjwa ni nini. Wengi watakusimulia jinsi walivyompitisha shangazi foleni.

Huko si kutetea mgonjwa. Foleni ya dharura hupangwa kwa uzito wa hali: anayeshindwa kupumua humtangulia aliyevunjika kidole. Faili la shangazi likipandishwa, la mtu mwingine limeshushwa, na mwenyewe hatajua. Huyo mtu wako hakuongeza kitanda, wala oksijeni, wala daktari. Zamu yake ikiisha anaenda nyumbani, na mgonjwa akizidiwa usiku hana wa kumpigia. Kubwa kuliko yote, simu ya pembeni haiachi kumbukumbu. Damu inaweza kukosekana wiki nzima, kila familia ikajitafutia njia kimyakimya, na kwenye vitabu vya hospitali pasionekane upungufu wowote. Anayepanga bajeti huangalia vitabu hivyo.

Kwa hiyo naanza na kalamu. Nampa mwanafunzi ripoti yenye maneno mawili: "Daktari amefahamishwa." Daktari yupi? Saa ngapi? Alijibu nini? Asipofika, ulimwita nani? Arudi aandike upya: saa 4:10 usiku, presha 80 kwa 50, mama anaendelea kutoka damu nyingi tangu ajifungue, daktari wa zamu amepigiwa, yuko upasuaji, saa 4:15 msimamizi wa usiku amepigiwa, anamleta daktari mwingine. Maandishi hayo yanampigania mama usiku huo huo. Yakirudiwa mwezi mzima, ni ushahidi kwamba zamu ya usiku inahitaji daktari wa pili.

Hapo huambiwa nawafundisha wanafunzi siasa. Ndiyo, kwa sababu siasa imo wodini tayari. Katiba ya Kenya ya 2010 iliziweka hospitali kama Mama Lucy Kibaki mikononi mwa kaunti, na Kifungu cha 43 kinakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki za kina mama wawili zilivunjwa walipozuiliwa katika hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua kwa kukosa pesa za bili. Muuguzi asiyeijua hukumu hiyo, akiagizwa amzuie mama mwenye deni, atatii. Namfundisha kupima presha. Nitamfundisha na hili.

Nanyi majirani, fanyeni haya. Ulizeni jina la muuguzi wa zamu na la msimamizi wa wodi. Daini kuelezwa hali ya mgonjwa na matibabu yake; Sheria ya Afya ya 2017 inawapa haki hiyo. Lalamikeni kwa maandishi, mkitaja tarehe na saa, na mbaki na nakala. Lalamiko juu ya muuguzi lipelekeni Baraza la Wauguzi. Mkitaka taarifa kutoka hospitali ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa taarifa yenyewe inahusu uhai wa mtu. Ikinyamaza, nendeni Tume ya Haki ya Utawala. Tangu sheria ya 2023, pesa zinazokusanywa na hospitali za umma hubaki hospitalini: ulizeni zimenunua nini. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni vikiitishwa, njooni na nakala zenu. Wanafunzi wangu watakuwa pale na ukurasa mmoja wa kile kilichokosekana wodini, na siku kilipokosekana.