Mwanga unavyofichua sumu ya mahindi

Je, msomaji, unaponunua gorogoro ya mahindi sokoni mjini Eldoret, huwa unaangalia nini? Bila shaka ni rangi, wadudu na bei. Lakini ipo sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Jina lake ni aflatoksini, nayo hutokana na kuvu inayoota katika nafaka ambayo haikukaushwa vyema.

Usidhani hili ni jambo dogo. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sababu ya sumu hii, na 125 kati yao wakafariki. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki ghafla, bali hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Kuisonga ugali hakusaidii, kwani sumu hii hustahimili moto wa jikoni.

Shida ni kuipima. Kenya hairuhusu zaidi ya sehemu 10 za aflatoksini katika sehemu bilioni moja za mahindi. Kwa gunia la kilo 90, hiyo haifiki hata miligramu moja! Utaionaje?

Hapa ndipo mwanga unapofaa. Aflatoksini ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, hung'aa. Baadhi hutoa rangi ya buluu na nyingine kijani; ndiyo maana wanasayansi waliziita B na G, herufi za kwanza za rangi hizo kwa Kiingereza. Mashine za maabara hupima mng'ao huo, lakini bei yake haikaribiwi na mkulima wa kawaida.

Njia nafuu ni kijikaratasi cha kupimia, mfano wa kile cha kupimia mimba. Unga huchanganywa na kioevu maalumu, kisha kijikaratasi hutumbukizwa humo. Ndani yake mna kingamwili zilizoshikizwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu, zinazoonekana nyekundu. Mahindi yakiwa safi, mstari mwekundu hujitokeza. Sumu ikiwapo, huzinasa kingamwili hizo na mstari hufifia. Kwa kuwa jicho hudanganyika, kamera ya simu au kifaa kidogo chenye taa chaweza kupima jinsi mstari ulivyokolea.

Hata hivyo, kumbuka kwamba sumu haienei sawasawa. Punje chache zaweza kuharibu gunia zima, hivyo sampuli itolewe juu, kati na chini.

Nyumbani, kausha mahindi juu ya turubai, si kwenye udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Chambua yaliyooza uyatupe. Usimpe ng'ombe, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa, na wanao wataipata katika chai ya asubuhi.