Je, Sisi Tuna Akili Kuliko Babu Zetu?

Mara nyingi tunawasikia wanafunzi wakisema, "Bibi hajui kitu," kwa sababu tu bibi hawezi kutumia simu. Wengine huongeza kuwa hata wataalamu wamethibitisha hivyo kwa vipimo. Basi na tuvitazame vipimo vyenyewe.

Profesa James Flynn wa New Zealand alionyesha mwaka 1984 kuwa alama za Wamarekani katika vipimo vya akili zilikuwa zikipanda kwa takriban 3 kila miaka 10. Mwaka 1987 akaonyesha kuwa zimepanda katika nchi 14. Wastani huwekwa kuwa 100. Tukirudi nyuma miaka 100 kwa hesabu hiyo, watu wa wakati ule wanapata 70, yaani karibu na mtu mwenye ulemavu wa akili! Nani atakubali? Watu hao walilima, walifanya biashara na waliwalea waliotuzaa. Flynn mwenyewe hakukubali.

Alitoa mfano huu: mbwa na sungura wanafanana kwa lipi? Mwanafunzi wa leo atajibu kuwa wote ni wanyama wanaonyonyesha. Mtu wa zamani angesema kuwa mbwa humwinda sungura. Ni kweli, tena lina faida, lakini alama hupewa jibu la kwanza.

Mapema miaka ya 1930, Mrusi Alexander Luria aliwauliza wakulima wa Uzbekistan wasiosoma: kaskazini kwenye theluji dubu wote ni weupe, mahali fulani ni kaskazini, je, dubu wa huko wana rangi gani? Mmoja akajibu kuwa hasemi jambo asiloliona. Sisi hapo hatuoni upungufu wa akili, tunaona mtu anayechunga ulimi wake. Ila kufikiri kwa "tuseme kwamba" hufunzwa, na mara nyingi shuleni.

Chakula na afya navyo vimo. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 waliwapita kwa mbali wa mwaka 1984. Watafiti walitaja lishe, wazazi kujua kusoma, na familia kupungua ukubwa. Miaka 14 haibadilishi damu.

Tena mpanda ngazi hushuka. Nchini Norway, alama za vijana wanaopimwa kwa ajili ya jeshi zilianza kushuka kwa waliozaliwa baada ya mwaka 1975 hivi, na utafiti wa 2018 ulikuta mteremko huo hata baina ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.