Taa hafifu za gari kuukuu: Tatizo huwa kwenye waya kabla ya balbu

MENGI ya magari yanayoteremsha kabichi, karoti na nyanya kutoka Mgeta huanza safari jioni au usiku, ili mzigo uwahi kufika katika masoko ya Dar es Salaam.

Kabla ya kuipata barabara kuu ya Morogoro–Iringa eneo la Sangasanga, dereva hulazimika kupita kona na miteremko ya Milima ya Uluguru, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde. Ukungu ukishuka, kitu pekee kinachomwonyesha ukingo wa barabara ni taa mbili za mbele.

Katika magari mengi ya zamani taa hizo hutoa mwanga wa njano, hafifu, unaofanana na wa kibatari. Wamiliki wengi hukimbilia dukani kununua balbu mpya, tena yenye wati nyingi zaidi. Mara nyingi hapo ndipo kosa linapoanza, kwa kuwa balbu iliyotolewa haikuwa na hitilafu yoyote. Ilikuwa inakosa umeme wa kutosha.

Gari dogo lenye betri ya volti 12 kwa kawaida hutumia balbu za aina ya H4, zenye wati 55 kwa mwanga mfupi na wati 60 kwa mwanga mrefu. Balbu mbili zikiwaka katika mwanga mrefu huvuta takribani ampea 10.

Katika Land Rover nyingi za zamani, umeme huo wote hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi, huingia ndani ya gari hadi kwenye swichi ya usukani, kisha hurudi mbele kwenye taa. Safari hiyo hufikia meta tano au sita za waya mwembamba, pamoja na viungio kadhaa njiani.

Mkulima wa Mgeta anayemwagilia bustani yake kwa mpira analijua jambo hili vema. Mpira ukiwa mrefu na mwembamba, maji hufika mwisho yakiwa yamepoteza nguvu, hata kama chanzo kimejaa.

Hesabu yake si ngumu. Waya wa shaba wenye ukubwa wa milimeta za mraba 1.5 una ukinzani wa takribani omu 0.012 kwa kila meta. Kwa meta sita ni omu 0.07, na ampea 10 zikipita humo, volti 0.7 hupotea njiani. Hapo waya bado ni mpya na safi.

Gari lililokaa barabarani miaka 20 au 30 huwa na waya ulioshika kutu ya kijani, swichi iliyoungua midomo na viungio vilivyolegea. Kila kimoja hula sehemu yake ya volti, na upotevu wa volti moja na nusu au hata mbili si jambo la ajabu.

Hali ya hewa ya Uluguru huongeza tatizo. Milima hiyo, yenye vilele vinavyozidi meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, hukinga upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi, na miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi kila mwaka. Gari linaloshinda kati ya tope la Matombo na vumbi la kiangazi hupitisha unyevu na uchafu katika kila kiungio cha waya.

Anayesikia kuwa volti moja na nusu imepotea anaweza kudhani ni kiasi kidogo. Kwa balbu yenye uzi wa kuwaka, hapana. Volti inayoifikia ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takribani asilimia 30. Ikipungua kwa asilimia 15, mwanga unaopotea huzidi asilimia 40.

Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hupita takribani meta 14 kila sekunde, na linalokwenda kilometa 80 hupita meta 22. Mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara ya Kiroka, au tembo anayevuka lami katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, anatakiwa aonekane mapema kuliko breki zinavyohitaji. Tembo, pamoja na ukubwa wake wote, ana ngozi isiyorudisha mwanga.

Usiku nao umekuwa na magari mengi zaidi. Marufuku ya mabasi ya abiria kusafiri usiku, iliyodumu tangu miaka ya 1990, iliondolewa mwaka 2023, na barabara inayopita Morogoro kuelekea Iringa na Mbeya ni miongoni mwa zile zinazobeba safari hizo.

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari hana budi kupima. Kinachohitajika ni kipima volti cha kawaida, kile ambacho mafundi wengi huita tesita ya namba.

Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, hupimwa volti kwenye vichwa vya betri. Kisha hupimwa kwenye miguu ya balbu, soketi ikiwa imechomekwa na taa inawaka. Kupima soketi tupu hakusaidii, kwa kuwa pasipo umeme unaotembea hakuna volti inayopotea, na kipimo kitadanganya kwamba kila kitu ni kizima.

Tofauti ikizidi nusu volti, kuna sababu ya kutafuta. Upande wa hasi usisahauliwe: waya mfupi unaofungwa kwenye bodi la gari karibu na taa ndio hushika kutu kwanza, na kuusafisha kwa msasa na kuukaza upya huweza kurudisha sehemu kubwa ya mwanga bila gharama.

Iwapo viungio ni safi na upotevu bado ni mkubwa, dawa yake ni rilei. Kifaa hiki kidogo ni swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme. Swichi ya usukani, badala ya kubeba ampea 10, hubeba umeme mdogo sana wa kuiamsha rilei, ambao kwa kawaida haufiki robo ya ampea moja.

Umeme mkubwa wa taa hutoka kwenye betri moja kwa moja, hupita katika fyuzi na rilei zilizofungwa chini ya boneti, na kufika kwenye taa kwa njia fupi. Waya wa milimeta za mraba 2.5 wenye urefu wa meta mbili hupoteza takribani volti 0.14 tu kwa ampea 10. Hupendeza pia kwamba swichi ya usukani, ambayo kwa Land Rover huzoea kupata moto hadi kuungua, hupumzika.

Rilei za kawaida zina miguu yenye namba. Namba 30 hupokea umeme wa betri na namba 87 huupeleka kwenye taa. Namba 85 na 86 ni za sumaku: mmoja huunganishwa na waya wa zamani uliokuwa unawasha balbu, na mwingine hufungwa kwenye hasi. Huhitajika rilei mbili, moja ya mwanga mfupi na nyingine ya mwanga mrefu.

Kila rilei iwe na fyuzi yake ya ampea 15 au 20, iliyofungwa karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi unaweza kuwasha gari moto. Faida ya fyuzi mbili ni kwamba moja ikikatika katikati ya kona, dereva hubaki na mwanga mwingine.

Tahadhari moja huwapiga chenga hata mafundi waya wazoefu. Katika baadhi ya Toyota za zamani, zikiwamo Land Cruiser na Hilux, swichi haikati upande wa chanya bali wa hasi. Anayefunga rilei humo kwa mchoro wa Land Rover hataona taa ikiwaka, kwa hiyo lazima ipimwe kwanza. Baadhi ya magari kutoka Japan, aidha, yana rilei tangu kiwandani, na kwake tatizo hubaki viungio, kioo cha plastiki kilichopauka au kiakisi mwanga kilichochujuka ndani ya taa. Kwa haya mawili ya mwisho waya mpya hausaidii kitu.

Na balbu zenye wati nyingi? Mbili za wati 100 huvuta takribani ampea 17, juu ya waya uleule uliokuwa unalemewa na 10. Waya hupata moto, soketi huyeyuka, na volti hupungua zaidi. Wanaochomeka balbu za LED katika taa zilizoundwa kwa ajili ya H4 nao mara nyingi hutawanya mwanga hovyo, ukawachoma macho wanaokuja mbele na kugeuka ukuta mweupe ndani ya ukungu.

Kazi ikikamilika, volti za betri injini ikiwa inaunguruma zinatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Alteneta inayochaji kupita kiasi sasa itazifikia balbu bila kizuizi, na nyongeza ya asilimia tano tu ya volti hupunguza uhai wa balbu kwa takribani nusu.

Hatimaye hurekebishwa uelekeo. Gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, mwanga mfupi hushushwa takribani sentimeta 10 kwa kila meta 10 za umbali. Pikapu iliyopimwa tupu, ikishapakiwa matenga ya nyanya nyuma, huinua pua na kumulika miti.